Mzee Kithinji na Ncoolo Iliyokaa Bila Jibu

Baada ya miaka thelathini na tisa katika banda letu la kufungia miraa hapa Laare, Mzee Julius Kithinji amestaafu rasmi mwezi wa Juni 2025. Naandika "rasmi" kwa sababu alikwisha kustaafu mara mbili kabla ya hapo, na mara zote mbili dunia ilimrudisha kazini. Mara ya kwanza keki ilikuwa imeshakatwa.

Mwenyekiti wetu, Bwana Koome, alitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu. Mwalimu akasema ana mitihani ya kusahihisha. Basi kazi ikaniangukia mimi, Kinyua wa meza ya tatu, niliyeacha shule kidato cha pili kwa hiari yangu na ya mwalimu mkuu. Msiwe na wasiwasi. Katika banda zima hakuna anayefuatilia habari za dunia kunishinda, na kwa kufunga, ukimtoa Mzee mwenyewe, hakuna wa kunifikia. Mwenye kubisha anajua meza yangu iko wapi.

Mzee alianza kazi mwaka wa 1986, kijana wa Mikinduri aliyekuja na panga la kukatia majani ya migomba. Alikuwa anakata majani, anayafuta umande, anayaleta mezani, basi. Kwa wageni watakaosoma jarida hili la banda letu: jani la mgomba ndilo friji letu. Miraa ikishakatwa ina kama siku mbili za maisha, na jani likikunjwa vibaya, kinachofika uwanja wa ndege ni kuni. Siku moja mfungaji mmoja akaumwa tumbo, Kithinji akaambiwa ashike nafasi yake kwa siku hiyo moja tu. Ile siku moja ndiyo imeisha Juni hii.

Mkunjo wake hauna mwenzake. Wengine tunafunga kwa kamba ya mgomba na maombi. Yeye kona ya mwisho ya jani anaisukuma ndani kwa kidole gumba, na fungu linakaa limebana kama mtoto aliyevalishwa kwenda kanisani. Wauzaji wa London enzi hizo walikuwa wanapiga simu kuulizia "ile ya kidole". Mzee mwenyewe hajavuka Nairobi maisha yake yote, lakini kidole chake kimefika nchi ambazo mabalozi wetu bado wanatafuta ofisi.

Akisimulia miaka hiyo, utadhani dunia ilikuwa kijiji kimoja chenye adabu. Sisi tunafunga, Hilux zinakimbia Nairobi, ndege zinapaa, watu wanatafuna, pesa zinarudi. Hata serikali ya jirani mmoja ilipoanguka, na kila mtu hapa Laare akasema biashara imekufa, ndege ya kesho yake iliondoka imejaa. Mzee akajifunza kwamba serikali zinaanguka na miraa inabaki. Aliishi na elimu hiyo vizuri sana hadi mwaka wa 2014, London ilipopiga miraa marufuku na kufunga mlango. Mimi nilikuwa shule ya msingi; ninachokumbuka ni watu wazima wamesimama sokoni mchana kama watoto waliofukuzwa darasani. Mzee aliuliza swali ambalo hadi leo hakuna mheshimiwa aliyelijibu: kama ni sumu, mbona imechukua miaka yote hiyo kuwaua?

Tangu hapo akawa haielewi dunia. Na hapa lazima nimtetee, maana hakuna anayeelewa. Alipoaga mara ya kwanza, Machi 2020, keki ikiwa mezani, habari ikaja kwamba ndege zimesimamishwa. Mwenyekiti akamwomba abaki alishikilie banda lisife. Alipoaga mara ya pili, miaka miwili na kitu baadaye, ndege zikaruhusiwa ghafla, oda zikafurika, mwenyekiti akamfuata hadi kwenye mlango wa choo kumwomba abaki tena. Yaani mlango ukifungwa anarudishwa, ukifunguliwa anarudishwa. Mkewe, Celina, ambaye hapa wote tunamwita Mama Kirimi, alimuuliza Mwenyekiti mbele yetu kama kuna hali yoyote ya mlango ambayo mume wake anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mimi nimejaribu kuwaeleza wenzangu hali ilivyo. Zamani kulikuwa na wakubwa wawili, na kila nchi ndogo ilijua iko timu gani. Kisha akabaki mkubwa mmoja, ikawa rahisi zaidi. Sasa wakubwa wamekuwa wengi, kila mmoja na bandari zake, ndege zake na ushuru wake, na wadogo nao wamejifunza kuringa. Nchi inaamka asubuhi ni rafiki yako, saa sita imemwita balozi wake nyumbani, jioni inakuuliza bei. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga. Akaniuliza kama hao wakubwa wote wanatafuna. Nikasema sijui. Akasema basi habari yangu haijakamilika, niendelee kuitafuta.

Sasa tufike kwenye ncoolo, maana bila ncoolo huwezi kujua kwa nini mtu huyu hakustaafu mwaka jana.

Ncoolo kwetu si miraa ya kuuza. Ni fungu la miraa bora, ya miti ya wazee, linalofungwa kwa jani safi na kupelekwa nyumbani kwa msichana anayeposwa. Wazazi wakilifungua, wamekubali. Wakilirudisha bila kufungua, wamekataa kwa heshima, na hakuna ugomvi. Na katika banda letu kuna desturi yetu wenyewe, ya tangu wafungaji wa kwanza: mkono uliofunga ncoolo hauondoki kazini mpaka jibu lije. Aliyefunga ndiye shahidi. Ukimpoteza shahidi, posa imekuwa uvumi.

Mwaka jana ndege za nchi fulani zilikuwa zimesimamishwa tena. Mwenyekiti amenikataza kuitaja, ati nitaharibu mazungumzo, kwa hiyo nitawaita Wageni tu. Nusu ya meza zetu zilikuwa tupu. Tukaambiwa Wageni wanatuma ujumbe mzito, ukiongozwa na Naibu Waziri, kuja kuona banda na kuamua kama wataturudishia soko. Mwenyekiti Koome akawaza siku kadhaa, akatoka na uamuzi wake. Sisi ndio tunaoomba, akasema, na wao ndio wenye mlango. Mtu anayeomba mlangoni Meru anakwenda na nini? Kithinji afunge ncoolo.

Mzee hakukubali upesi. Aliuliza nyumba inayoposwa ni ya nani. Mwenyekiti akasema ni ya serikali. Mzee akauliza baba wa nyumba hiyo ni nani. Mwenyekiti akasema ni Naibu Waziri, kwa siku hiyo. Mzee akachukua jani. Wakati huo Mama Kirimi alikuwa ameshahamia Nkubu, kwenye kiploti walichonunua, akipanda parachichi na kumngoja. Tarehe ya kuaga ilikuwa wiki mbili mbele. Mzee alijua vizuri kwamba akilifunga lile fungu, wiki hizo mbili zimo mikononi mwa watu asiowajua. Alilifunga hata hivyo, kwa sababu ya zile meza tupu. Na niseme ukweli, ncoolo ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufunga. Hata mimi, ambaye sisifu watu ovyo, nilinyamaza.

Wageni wakaja na magari meupe. Tulikuwa tumepanga viti vya plastiki, wanakwaya wamevaa sare, mheshimiwa wetu mmoja wa kaunti ameshahutubia tayari mara mbili kabla ya mtu yeyote kufika. Naibu Waziri alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili kizuri maana alisoma Nairobi. Aliyemweleza maana ya ncoolo ni Rahema, wakala wa miraa wa hapa mjini, mama wa Kiislamu ambaye amefanya biashara na watu wa kule tangu ujana na anajua lugha yao. Alimweleza yote: ukifungua umekubali, ukirudisha umekataa. Naibu Waziri akacheka, akasema mambo ya kwetu ni wazi kuliko ya wizara yake.

Mzee akasimama, akalitoa. Naibu Waziri akasimama, akalipokea kwa mikono miwili. Kidole chake kilikuwa kimeshashika ile kona ya jani. Hapo simu ya msaidizi wake ikalia.

Msaidizi akasikiliza, akaja akamnong'oneza. Tuliokuwa mbele tuliona uso wa yule mtu ukibadilika kama taa iliyopungukiwa umeme. Akaomba kiti ingawa kiti kilikuwa nyuma yake. Kwao, bunge lilikuwa limeiangusha serikali asubuhi hiyo. Mawaziri wote hawakuwa mawaziri tena, na manaibu wao vivyo hivyo. Kwaya haikujua, ikaanza kuimba, ikanyamazishwa.

Akamwangalia Mzee, fungu likiwa bado mikononi.

"Mzee, nilipanda ndege nikiwa serikali," akasema. "Sasa sijui ni nani aliyefika."

Mzee akamwambia asiwe na haraka.

Akaketi. Hakuweza kufungua, kwa maana hakuwa na nchi ya kukubali kwa niaba yake. Hakutaka kurudisha, kwa maana huko kungekuwa kutukataa, na yeye hakutukataa. Mwishowe akainuka, akatushukuru wote, akaingia garini nalo. Magari meupe yakaondoka polepole, na bendera ndogo ya gari la mbele ilikuwa imetolewa. Mimi ndiye niliyeiona ikitolewa, na nilipowaambia wenzangu walisema natunga.

Basi ubishi ukaanza, na ulichukua miezi. Banda liligawanyika. Wa meza za mbele walisema tumeposa, mtu kapokea kwa mikono miwili. Wa nyuma wakasema hatujaposa, mbona hakufungua? Mwenyekiti alitoa taarifa redioni kwamba mazungumzo yako katika hatua nzuri, na alipoulizwa na nani, akasema na pande zote husika. Mimi nilikuwa upande wa mbele Jumatatu hadi Jumatano na upande wa nyuma siku zilizobaki, kulingana na nani ananinunulia chai.

Serikali mpya ya Wageni ikapiga simu. Afisa wao akasema hawatambui jani lolote lililopokelewa na watu waliotangulia, na kama tunataka mazungumzo, tuanze upya. Mwenyekiti akafurahi sana, akamkimbilia Mzee: afunge ncoolo nyingine, ipelekwe ubalozini. Mzee alikataa. Hakupandisha sauti, alikataa tu. Alisema huwezi kuposa nyumba ya pili wakati ya kwanza haijajibu. Huko ni kuwachezea wote wawili na kumdhalilisha msichana. Mwenyekiti akasema hii ni diplomasia, hakuna msichana hapa. Mzee akamuuliza, kama hakuna msichana, ile ya kwanza alimfungisha ya nini?

Mwenyekiti akajaribu kutafuta mfungaji mwingine wa ncoolo. Nilijitolea. Nilifunga moja kwa nusu ya muda anaotumia Mzee, na ilikuwa ya kupendeza mpaka ilipoinuliwa. Tusiongee zaidi kuhusu hilo.

Wakati huohuo soko likaanza vituko vyake. Jumanne moja ndege zikaruka. Hakuna mkataba, hakuna tangazo, hakuna aliyejua ni nani ameruhusu. Tukafunga kama wazimu. Wiki mbili baadaye zikasimama, na tena hakuna aliyejua ni nani amekataza. Kisha zikaruka upya, lakini uwanja mwingine. Tuliulizia wizarani kwetu, wakatuuliza sisi tumesikia nini. Nilisoma kwenye simu kwamba mambo haya yanatokana na ushindani wa bandari, na mahali pengine kwamba yanatokana na uchaguzi wa nchi ya tatu, na mahali pengine kwamba hayapo. Niliamini yote matatu, kila moja kwa siku yake.

Na Mzee yupo pale mezani, anangoja jibu. Tarehe ya kuaga ilipita. Krismasi ikapita. Kila jioni, wakati wa kufagia banda, Mama Kirimi alimpigia simu kutoka Nkubu, na kwa kuwa Mzee anaweka simu mbali na sikio kama inauma, wote tulisikia. Alimweleza parachichi zilizoshika na zilizokauka. Alimweleza paa linalovuja juu ya kitanda upande wake, Mzee, na kwamba hakutaka kumwita fundi kwa kuwa upande huo una mwenyewe. Halafu akauliza kama Wageni wamejibu. Mzee alisema bado. Akauliza bado mpaka lini. Hapo sisi tulifagia kwa nguvu zaidi ili isionekane tunasikiliza.

Mwaka huu mwezi wa tano Mama Kirimi hakupiga simu. Alikuja. Alishuka Laare na begi dogo, akaingia bandani saa ya kazi, akakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti. Alimwambia mumewe maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, kwa sababu wengi wameyapindua.

"Baba Kirimi, mimi uliniposa mara moja nikajibu siku hiyohiyo. Hawa mawaziri wamekushinda nini hata unawangoja kuliko mimi?"

Mzee akasema hawangoji mawaziri, anangoja jibu.

"Jibu liko kwa mtu," Mama Kirimi akasema. "Mtu huyo ana jina na ana miguu. Kwa nini hakuna aliyekwenda kumuuliza?"

Banda lote likatazamana. Ndugu zangu, mwaka mzima tulikuwa tumeandikia wizara, ubalozi, kaunti na kituo cha redio. Hakuna aliyewaza kumtafuta yule mtu mwenyewe. Kwetu alikuwa amekwisha kuwa habari ya kimataifa.

Rahema, aliyekuwa amekuja kuchukua mzigo wake, akasema atauliza wateja wake. Na hapa nina haki ya kujisifu: niliyempata ni mimi. Wakati Rahema anapiga simu huku na huku, mimi nilikuwa natazama video ya tangazo la mapazia, na mwenye duka aliyesimama kati ya mapazia akionyesha bei alikuwa Naibu Waziri. Yuko Eastleigh, Nairobi. Serikali ilipoanguka hakurudi kwao. Alibaki kwa shemeji yake.

Tulikwenda kwa Probox ya Rahema, yeye akiendesha, Mzee mbele, Mama Kirimi na mimi nyuma pamoja na gunia la viazi ambalo Rahema alikuwa anampelekea dadake. Mwenyekiti hakuambiwa. Tulipita Embu, tukanywa chai, na Mzee hakunywa. Niliona anaogopa. Sijawahi kumwona anaogopa. Alikuwa anaogopa kwamba yule mtu alilitupa. Fungu lililotupwa halikufunguliwa wala kurudishwa, na mfungaji wake anabaki mezani mpaka mwisho wa siku zake.

Naibu Waziri alitutambua kabla hatujasalimu. Alikuwa amesimama juu ya ngazi akining'iniza pazia la zambarau, akashuka, akamshika Mzee mikono yote miwili, akabaki hivyo. Halafu akatuongoza nyuma ya duka, juu, nyumbani kwa shemeji yake. Akafungua friza. Chini ya nyama, chini ya mifuko ya barafu, alilitoa. Jani lilikuwa limekuwa jeusi na limeganda kama tofali, lakini ile kona ya kidole haikuguswa. Alisema mkewe alitaka kulitupa mara nyingi, na kila mara alimwambia, hilo si letu bado.

Akaliweka mezani juu ya gazeti. Lilianza kutoa maji.

"Nilitaka kuwaletea jibu," akasema, "lakini kila nikiwaza, nashindwa swali moja. Nikifungua leo, nimekubali kwa niaba ya nani? Mimi sina wizara. Nchi yangu yenyewe siku hizi sijui kama ni yangu. Nauza mapazia."

Rahema akamwangalia Mzee. Mzee akaangalia fungu. Nilikuwa na maoni yangu kuhusu hali ya dunia, mazuri sana, lakini Rahema alinikanyaga mguu.

Aliyejibu ni Mama Kirimi, aliyekuwa bado amebeba begi lake mapajani.

"Baba, ni wewe uliyepokea, na ni huyu aliyekupa. Jibuni ninyi wawili. Hao wengine wana simu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayekumbushwa jambo alilolijua tangu utotoni. Akasema yeye pale bandani hakuona nchi. Aliona mtu mrefu aliyepokea kwa mikono miwili. Akamwambia, "Ukikataa, rudisha, nami nitakushukuru. Ukikubali, fungua, na tuwe wakwe wa bure."

Yule mtu akasukuma kidole chake kwenye ile kona. Jani lilipasuka lote kwa mara moja. Ndani miraa ilikuwa rangi ya matope. Tulitafuna, kila mtu kijiti kimoja, isipokuwa Mama Kirimi aliyesema yeye alijibu posa yake miaka mingi iliyopita. Nimetafuna miraa ya kila aina na naweza kusema bila woga kwamba hiyo ndiyo mbaya kuliko zote duniani. Ilikuwa na ladha ya mbuzi na mlango wa chuma. Naibu Waziri alitafuna yake yote, macho yamejaa maji, na akaomba nyingine.

Je, hapo Laare ilipata soko? Niulizeni mengine. Mwenyekiti, alipopata habari, alisema kwanza tumevuruga uhusiano wa mataifa mawili, kisha akasema tumeuokoa, na wiki hii anasubiri kusikia redio itasemaje. Ndege zinaruka. Nasikia zitasimama. Nasikia pia hazikuwahi kusimama. Naibu Waziri ameanza kuulizia bei za jumla, kwa niaba yake mwenyewe, na ameshatuletea mapazia ya ofisi kama zawadi ya mkwe. Ni ya zambarau.

Lakini ninachokijua kwa hakika ni hiki. Tulipokuwa tunarudi kesho yake mchana, tukapita Embu, tukapita Chuka, tukakaribia Nkubu. Ukitoka Nairobi kwa njia ile, Nkubu inakuja kabla ya Laare. Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Rahema akapunguza mwendo ili Mama Kirimi ashuke. Mama Kirimi akashuka na begi lake. Halafu mlango wa mbele ukafunguka, na Mzee naye akashuka. Hakuwa na mzigo. Aproni yake ya kazi ilikuwa bado kwenye msumari huku bandani, na kisu chake, na kikombe. Akafunga mlango wa gari kwa upole, akaegemea dirishani, akaniambia nikifika nimwambie Mwenyekiti kwamba jibu limekuja. Hakusema zaidi. Wakavuka barabara, yeye akiwa amechukua begi la mkewe, wakabishana jambo fulani kuhusu paa, na wakaingia njia ya shambani bila kugeuka.

Rahema alingoja wapotee ndipo akatia gia. Tulifika Laare hatujasema neno, na wanaonijua wataelewa ni jambo la ajabu kiasi gani.

Mzee Kithinji, kwa niaba ya banda zima, asante. Asante kwa wafungaji uliowafundisha, akiwemo huyu hodari kuliko wote. Asante kwa kutokubali kuposa nyumba mbili hata tulipokuwa na njaa. Tumekuletea aproni, kisu na kikombe chako; kikombe kilipasuka njiani na kosa ni la barabara. Tunakuombea miaka mingi ya kulala upande wako wa kitanda, chini ya paa kavu, parachichi zikishika vizuri. Mwezi ujao kuna wageni wengine wanakuja, hatujaambiwa ni wa serikali ipi wala kama itakuwa bado ipo, na Mwenyekiti ameshaanza kuuliza namba yako mpya. Mama Kirimi, wewe ndiye utakayeshika simu. Tutaelewa jibu lolote.